Supu ya Jumanne

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, karani wa ofisi ya vitu vilivyopotea alikuwa anafunga lebo kwenye mwavuli uliosahauliwa ndani ya treni ya alfajiri, ndipo supu ya viazi ilipomjia mdomoni. Ilikuja ya moto. Akaiacha ipoe kidogo juu ya ulimi, kisha akaendelea kuandika: mwavuli, kijivu, mpini wa mbao, ubavu mmoja umevunjika.

Mezani hapakuwa na bakuli wala kijiko. Supu hiyo ilikuwa inaliwa na mumewe, ambaye saa hiyo alikuwa kazini, mahali fulani mjini, akitengeneza lifti.

Jambo hilo lilianza siku ya tatu baada ya harusi yao. Mume alikuwa ametoka kununua mkate, na karani, aliyebaki nyumbani akikunja mashuka, akaonja chungwa. Mume aliporudi, mkewe akamwambia, "Umekula chungwa njiani, na mbegu moja umeitafuna." Mume akajipangusa mdomo. Kesho yake wakaenda kwa daktari. Daktari akamwambia karani atoe ulimi, akaumulika kwa tochi, akaandika kwenye kadi: Anaonja cha mume. Akampa vidonge vya vitamini na kumwita mgonjwa aliyefuata. Mama mkwe alipopewa habari hakuacha hata kuchambua mboga zake.

"Kuna wanaogawana mto, kuna wanaogawana blanketi," alisema. "Nyinyi mmegawana mdomo. Shukuruni si jino, mngeumwa wawili."

Mambo yalikwenda upande mmoja tu. Karani alipokula, mumewe hakupata kitu. Lakini chochote kilichopita kwenye ulimi wa mume kilipita pia kwenye ulimi wa mke, na joto lake, ingawa hakikumshibisha. Walizoea. Asubuhi mume alipofika salama kazini aliweka punje chache za sukari mdomoni, na karani, mbele ya rafu zake za mabegi na viatu vya mguu mmoja, akajua amefika. Watu wengine walipigiana simu.

Halafu, miaka minne kabla ya Jumanne hiyo, karani alishikwa na homa. Kwa wiki tatu kila alichokula kilikuwa kama karatasi iliyolowana. Mumewe alikaa ukingoni mwa kitanda akamuuliza, "Na ladha zangu huzipati?"

"Sipati kitu."

"Basi ndiyo imekwisha," mume akasema, na akampapasa mguu juu ya blanketi.

Wiki ya nne ladha zilirudi, zake na za mumewe. Alikusudia kumwambia jioni ileile. Lakini mchana huo ilimjia nyama ya mafuta yenye pilipili nyingi, nyama ambayo mumewe alikatazwa kwa ajili ya presha, na nyuma yake bia baridi. Mume alikuwa anatafuna kama mtu aliyefunguliwa kamba. Karani akaona si vizuri kumfunga tena. Akanyamaza siku hiyo, akanyamaza na kesho yake, na baada ya mwezi kukawa hakuna namna ya kulianza jambo lenyewe. Sukari ya asubuhi haikuja tena, naye hakuiulizia.

Kwa hiyo supu ya Jumanne hiyo haikumshtua kwa kuja. Viazi havina mwenyewe, na kila nyumba ina sufuria. Kilichomfanya aweke kalamu chini ni kungumanga.

Supu hii aliijua kama mtu anavyozijua ngazi za nyumbani kwao gizani. Alikuwa ameitunga mwenyewe akiwa na miaka kumi na sita, mwaka aliofariki mama yao, jirani mmoja alipowaletea gunia la viazi na rambirambi. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumuuliza, alijifunza kwa kukosea. Kitunguu kikatwe chembamba, kilainike ndani ya siagi kwa moto mdogo, kisigeuke rangi. Viazi viwe vya aina mbili: vya unga vikatwe vidogo ili viyeyuke, vigumu vikatwe vikubwa ili mtu apate cha kutafuna. Maji yafike mabegani mwa viazi, yasivizamishe kichwa. Vikiiva, nusu visagwe kwa mwiko ndani ya sufuria ileile. Maziwa yapashwe moto pembeni na kuingizwa kidogo kidogo, krimu mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa. Kisha kungumanga ikunwe mara tatu tu juu ya grata, si nne, kwa sababu ya nne hugeuka dawa.

Alimfundisha mtu mmoja peke yake. Mdogo wake alikuwa na miaka sita wakati huo, mtoto wa mwisho, na watu wote walimwita Kitinda. Alisimama juu ya kreti ya soda ili afikie jiko. Dada alimlea, akamsomesha, akamsuka nywele, akakataa wachumba wawili waliosema nyumba ni ndogo kwa watu watatu. Kitinda alishika kila kitu cha supu ile isipokuwa subira. Aliyatoa maziwa kwenye friji na kuyamwaga yalivyo, baridi, ndani ya sufuria inayochemka. Maziwa yakakatika, yakawa vidonge vidogo vidogo. Alipoambiwa alijibu, "Si vyote vinakutana tumboni, Dada?"

Supu iliyokuwa mdomoni mwa karani Jumanne hiyo ilikuwa na kungumanga mara tatu, na vidonge.

Karani hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Katika kazi yake alikuwa ameona mkufu wa dhahabu ukidaiwa na watu watatu, wote wakilia, na mwenyewe akatokea wa nne. Alichukua lebo mpya akaandika: Supu ya viazi. Imepatikana Jumanne, saa nne na dakika kumi. Mwenyewe: hajulikani. Akaitia kwenye droo. Kisha akawaza kwamba huenda ipo kantini mjini inayopika hivyo. Huenda pia mpishi wake hana subira. Dunia ina watu wengi wasio na subira.

Jumanne ya pili supu ilikuja saa nne na dakika tano. Jumanne ya tatu ilikuja saa nne kamili, na bakuli la pili likafuata. Kila mara, baada ya supu, ulipita muda mrefu mdomo ukiwa mtupu. Kisha, kwenye saa sita kasoro, ikaja dawa ya meno.

Nyumbani kwao walitumia dawa ya meno ya mnanaa. Hii ilikuwa ya karafuu. Karani aliisikia ikipita nyuma ya magego, polepole, jinsi mumewe alivyopiga mswaki siku zote, kutoka kushoto kwenda kulia. Akakaa na kopo la gundi mkononi. Kantini haimwekei mtu mswaki.

Jioni hiyo, wakila, aliuliza, "Siku hizi Jumanne unafanya kazi wapi?"

"Kwenye lile jengo la kina Kitinda," mume akasema bila kuinua macho. "Lifti yao ina ugonjwa. Ukitibu mlango, kamba inalalamika. Ukitibu kamba, taa zinazimika."

"Kila Jumanne?"

"Lifti ni kama mtu, mke wangu. Ina siku zake."

Kitinda alikaa ghorofa ya nne ya jengo hilo. Alikuwa mwalimu wa madarasa ya jioni, kwa hiyo asubuhi alikuwa nyumbani. Karani aliyajua hayo yote tangu mwanzo, kama mtu anavyojua kuna mlango nyuma ya kabati. Sasa kabati lilikuwa limesogezwa. Hata hivyo alijiambia kwamba shemeji kumpa shemeji bakuli la supu si kosa. Anayepanda na kushuka ngazi na mkoba wa vyuma husikia njaa. Mswaki ndio uliokataa kukaa vizuri katika maelezo hayo, na alijaribu kuuweka kila upande.

Akaamua kupima.

Jumapili Kitinda alikuja kuwatembelea, kama alivyofanya kila Jumapili. Aliingia na mkate wa moto kwapani, akambusu dada yake shavuni, akapiga kelele kuelekea sebuleni.

"Shemeji! Lifti yenu imenikwamisha tena wiki hii. Nimekaa humo na mama mmoja na kuku wake nusu saa."

"Hiyo si lifti yangu, ni ya mwenye jengo," mume akajibu nyuma ya gazeti. "Na kuku alilipa nauli?"

Kitinda akacheka. Karani alimsikiliza akicheka, akaendelea kumenya viazi. Walipika pamoja, kama zamani, isipokuwa kreti ya soda haikuhitajika tena. Kitinda alikata kitunguu. Dada yake aliyamimina maziwa kwenye sufuria ndogo na kuyaweka kwenye moto wa pembeni.

"Bado unahangaika na sufuria mbili," Kitinda akasema.

"Maziwa baridi yakiingia kwenye moto yanakatika. Nimekwambia tangu uko hivi." Akaonyesha kwa mkono kimo cha mtoto wa miaka sita. "Yapashe kwanza. Yakianza kutoa mvuke pembeni, yanatosha. Uyaingize kijiko kwa kijiko, huku unakoroga."

"Nani ana muda huo, Dada?"

"Anayempikia mtu anayempenda anao."

Kitinda aliangalia maziwa. Mvuke ulikuwa umeanza kupanda ukingoni. "Haya," akasema. "Nitajaribu."

"Utampikia nani?"

"Najipikia. Kwani mtu peke yake hali?"

Karani akazima moto, akatia krimu, akakuna kungumanga mara tatu. Walikula wote watatu. Supu ilikuwa nzuri, na karani aliionja mara mbili, mara moja kwa mdomo wake na mara moja kwa mdomo wa mumewe, kama ilivyokuwa kila walipokula meza moja.

Jumanne alifika ofisini mapema. Akapanga miwani iliyopotea kwa ukubwa, kisha akaipanga upya kwa rangi. Hakuwa mtu wa kusali sana, lakini saa nne kasoro alijikuta anaomba vidonge. Aliviomba kwa makini, kama anayejaza fomu. Alitaka maziwa yaliyokatika. Kama yangekatika, basi ni mtu mwingine mjini, asiyefundishwa, asiyesikia, asiyelelewa na yeye.

Saa nne na dakika mbili supu ikaja. Ilikuwa laini kama kitambaa cha ndani ya koti. Viazi vya unga vilikuwa vimeyeyuka, vile vigumu vikakaa wima, na maziwa yalikuwa yameingia kijiko kwa kijiko na mtu aliyekuwa na muda.

Karani akafumba macho.

Mwenzake wa ofisini, mpima mizigo ambaye stesheni nzima ilimwita Bwana Mizani, alipita na begi begani akasimama. "Vipi, Karani? Unasali?"

"Nakula."

"Unakula hata karibu hamna?"

"Si yangu," karani akasema.

Bwana Mizani akaliona hilo kuwa jibu la kutosha, akaenda zake. Karani alimaliza bakuli la kwanza, na la pili. Alisubiri muda ule mtupu, mikono juu ya meza. Ilipofika karafuu, akafungua droo, akachukua ile lebo na kuandika jina la mwenyewe. Kisha akaichana, kwa sababu sheria za ofisi zilisema kitu kikishajulikana mwenyewe lebo haina kazi.

Jioni mumewe alirudi, akanawa mikono, akakaa. Karani aliweka mkate mezani na kusimama nyuma ya kiti chake mwenyewe.

"Ya leo haikukatika," akasema.

Mume aliukata mkate, akapaka siagi, akafika katikati ya kipande kabla ya maneno kumfikia. Akaweka kisu chini.

"Imerudi lini?"

"Wiki ya nne baada ya homa."

Mume akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Hakuwa na uso wa mtu aliyekamatwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Miaka minne," akasema. "Miaka minne unanionja kimya kimya. Kila nilichokula. Hata yale mafuta. Hata pale nilipoonja dawa ya kikohozi nikaitema. Na unanitazama hivi hivi tu mezani! Mke wangu, hii si haki."

"Na Kitinda?"

"Usichanganye mambo. Hapa tunazungumzia uaminifu."

Karani aliyatafuta maneno ya kujibu hilo. Alikuwa mtu wa kutafuta vitu kwa kazi yake, na kwa kawaida alivipata. Mara hii alirudi mikono mitupu, akakaa, akala mkate. Mume naye akala wake. Karani akaisikia siagi ya pande zote mbili.

Jumapili Kitinda alikuja. Hakuleta mkate. Macho yalikuwa yamemvimba, na alipomwona dada yake alimwangukia shingoni akalia mpaka kola ikalowa. Dada akampapasa mgongo, kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea kufanya hivyo tangu zamani na haukusubiri ruhusa.

"Ungesema, Dada," Kitinda akalia. "Ungesema unaonja, sisi tungejua. Unatuacha tunapika tu, tunakula tu, kumbe uko pale pale. Mimi nimeaibika. Sijui hata nitakutazama vipi."

"Ningesema, ungeacha?"

Kitinda akapenga kamasi, akafikiri. Tangu utoto hakuwa mwongo akiulizwa ana kwa ana. Tatizo lake lilikuwa kwamba watu hawakumuuliza.

"Ningepika kitu kingine," akasema.

Sebuleni gazeti lilifunguliwa ukurasa mpya. Kitinda akakaa kwenye ukingo wa meza ya jikoni, akachezea grata ya kungumanga.

"Na zile za mwanzo," akauliza kwa sauti ndogo, "zilikuwa mbaya sana?"

"Zilikatika."

"Ndiyo maana alikuwa anaacha nusu." Akashusha pumzi. "Mimi nikadhani ni wewe anakufikiria."

Karani akageukia sinki akafungua maji. Aliosha sufuria iliyokuwa safi.

Mama mkwe alipopata habari alimwita mkwewe, akamkalisha, akamwambia kwamba mwanamke mwenye busara akipata jicho ndani ya mdomo wa mume, hulifumba. Daktari, ambaye sasa alikuwa mzee na alivaa miwani mbili, aliitafuta kadi ya zamani, akaongeza chini ya maandishi yake: Bado anaonja. Akampa vitamini zilezile. Lifti ya jengo la Kitinda iliendelea kuugua siku za Jumanne, na mwenye jengo hakulalamika, kwani siku nyingine zote ilipanda na kushuka vizuri. Kwa heshima ya mkewe, mume aliacha dawa ya meno ya karafuu na kupeleka kule ya mnanaa. Alimweleza jambo hilo mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni, kama mtu anayetarajia ashukuriwe. Supu ilikuja saa nne, laini, chumvi yake ikiwa sawa. Wiki moja palikuwa na kitu kipya ndani yake, kitunguu saumu kidogo kilichochomwa na ganda lake, na karani, ambaye alikuwa mkweli hata kwa jambo hilo, alikiri moyoni kwamba kilifaa.

Alhamisi ya wiki hiyo alitoka kazini mapema, akanunua viazi vya aina zote mbili sokoni, akapika nyumbani. Hakuharakisha chochote. Kitunguu kilichukua nusu saa kulainika na hakikugeuka rangi. Maji yalifika mabegani mwa viazi. Alisaga nusu, akapasha maziwa, akayaingiza kijiko kwa kijiko mpaka mkono ukamuuma. Alipoonja kwa ncha ya mwiko aliona kwamba hajawahi kupika nzuri kuliko hiyo tangu azaliwe, na akaketi kidogo kwenye kiti cha jikoni kwa sababu ya jambo hilo.

Wakakaa mezani, mabakuli mawili, dirisha limefunikwa na mvuke. Karani alikula kijiko cha kwanza. Ilikuwa nzito, ya siagi, tamu kama alivyoiacha jikoni. Mumewe naye akala kijiko cha kwanza, na karani akasubiri cha upande wa pili kimfikie.

Yakamfikia maji ya moto.

Alidhani amekosea. Akaweka kijiko chini, akafunga mdomo wake ili usichanganye mambo, akamwangalia mumewe akichota. Kijiko kilikuwa kimejaa, cheupe, na kipande cha kiazi juu yake. Mume akakitia mdomoni, akatafuna, akameza. Maji ya moto. Hayakuwa machungu wala matamu. Yalikuwa maji ambayo mtu angeweza kuyatumia kuoshea kikombe.

"Vipi?" karani akauliza.

"Tamu sana, mke wangu." Alisema kwa upole, na pengine aliamini. "Mkono wako haujawahi kupotea."

"Chumvi inatosha?"

"Inatosha kabisa."

Akala mpaka chini, akapangusa bakuli kwa mkate. Ladha ya mkate ilimfikia karani vizuri tu, na ganda lake lililoungua kidogo. Kisha mume akasukuma bakuli mbele na kuomba aongezewe, naye akainuka, akamwongezea, akachagua vile vipande vikubwa.